Daktari Yuko na Mgonjwa

Loy Aboth hakuwa na wazimu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kisumu, nikisimulia habari zake, watu hutikisa vichwa na kusema maskini, mama wa watu alichanganyikiwa. Hunikasirisha sana. Nilifanya kazi naye karibu miaka sita, na kama kuna aliyechanganyikiwa katika zahanati ile, basi ilikuwa serikali kwanza, halafu mimi.

Naitwa Okurut, Mwiteso wa karibu na Malaba, dresa kwa kazi. Dresa hufunga vidonda, huchoma sindano na kugawa vidonge, hapasui mtu. Zahanati yetu ilikuwa upande wa Uganda, kando ya barabara ya vumbi itokayo Tororo kwenda Busia, mahali ambapo unahisi mwamba wa Tororo unakutazama hata ukiupa mgongo. Wachuuzi wa samaki kutoka Majanji walipita hapo asubuhi na baiskeli zao, na harufu ya samaki ilibaki kwetu mpaka saa nne.

Loy alikuwa Mpadhola, mjane, mrefu, si mtu wa maneno mengi. Wote tulimwita Min Ogwang, yaani mama yake Ogwang, kwa sababu katika watoto watano alibaki na huyo mmoja, na huyo mmoja alikuwa daktari. Alimsomesha kwa pamba. Alilima pamba yake, akalima na ya watu, na mgongo wake ulikuwa umepinda upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo lililo chini. Mwaka 1962, mwezi mmoja kabla ya bendera mpya kupandishwa, serikali ilimpeleka Ogwang Uingereza akajifunze upasuaji kwa miaka mitatu.

Siku aliyoaga, mama alimwambia kwamba siku hizi anaona kama kuna moshi mbele yake. Ogwang akamtoa nje kwenye jua, akamfunua kope, akatazama. Akamwambia ni mtoto wa jicho, bado mchanga, usiogope. Kisha akamwambia neno ambalo Loy alilishika kama watu wa kanisa wanavyoshika amri: asikubali mtu mwingine yeyote aguse macho yake kwa kisu, atampasua yeye mwenyewe akirudi. Nadhani alilisema kwa mapenzi. Kijana aliyefaulu mitihani husema mengi siku ya safari.

Zahanati ilifunguliwa mwaka uliofuata, na mimi nikaletwa hapo. Lilikuja lori limebeba vitanda sita, taa ya kupasulia, jokofu la mafuta ya taa na sanduku la vyombo vya upasuaji vilivyong'aa mpaka ukifumba macho unaviona. Mkubwa mmoja wa wilaya akakata utepe, akapigwa picha, akatutangazia kwamba Daktari Ogwang, mtoto wa hapa hapa, yuko njiani. Jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa mlangoni kwa rangi nyeusi. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Saa kumi na moja jioni lori lile lile lilipakia vitanda, taa, jokofu na sanduku, likatiwa moto. Nilimfuata dereva kumuuliza. Akaniambia, bila aibu yoyote, kwamba kesho kuna zahanati nyingine ya kufunguliwa, na kesho kutwa nyingine. Kiti kimoja tu kilisahaulika kwa sababu kuna mzee alikuwa amekikalia na hakutaka kuinuka.

Kiti hicho ndicho kilichowekwa katika chumba cha daktari. Na Loy ndiye aliyepewa ufunguo, mbele ya kamera, pamoja na ufagio: mama wa daktari atatunza chumba cha daktari. Watu walicheka kwa furaha. Yeye aliichukua kazi ile kwa uzito wote. Kila siku saa moja asubuhi alifungua, akafagia, akapangusa kiti, akafunga. Sisi wengine tulifanya kazi verandani, mvua na jua, kwa kuwa chumba kilikuwa na mwenyewe.

Tulianza watu wanne. Msaidizi wa daktari alivuka mpaka mwaka 1964, akapata kazi Kakamega. Mkunga wetu, Atim, mikono mizuri kuliko yote niliyopata kuona, alivumilia miezi minne bila mshahara, wa tano akaniambia anakwenda kusalimia dada yake Nairobi, na mpaka leo bado anasalimia. Dawa nazo zilivuka. Nilikuwa naandika barua kuomba klorokwini, najibiwa imekwisha, halafu siku ya soko naikuta Busia, upande wa Kenya, imepangwa juu ya gunia na mhuri wa serikali ya Uganda ubavuni. Siku moja niliinunua kwa pesa yangu nikairudisha zahanati. Nilijiona mjinga njia nzima.

Barua za Ogwang zilikuja mwaka wa kwanza, kila mwezi, mimi nikamsomea mama. Mwaka wa pili zikawa mbili. Kisha hazikuja tena. Mwaka 1965 alipita daktari wa macho, mzungu wa misheni, akapiga kambi Tororo wiki mbili, akawapasua watu wakarudi nyumbani wanahesabu kuku wao. Nilimsihi Loy aende. Nilimwambia moshi unazidi, nami namwona anapapasa ukuta. Alikataa. Alisema Ogwang akirudi na kukuta macho yamekwisha kukatwa na mtu mwingine, atauliza kama mama yake hakumwamini.

Sasa nifike kwenye mazishi ya tunda. Wapadhola, kama ndugu zao Wajaluo, wana desturi ambayo sisi Waiteso huitazama kwa mbali: mtu akipotea ugenini, isijulikane hata alipozikwa, ukoo huzika badala yake tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake mtini. Hulifunga shuka, hulililia, hulishusha kaburini, na yule aliyepotea huhesabiwa amerudi nyumbani kupumzika. Mwanzoni mwa 1966 ukoo wa marehemu mume wake uliketi. Miaka miwili bila neno, wakasema, na mwaka huu watoto wawili wameota Ogwang amesimama getini amelowa maji. Loy alibisha siku tatu. Siku ya nne alichoka, akatoa shuka yake mwenyewe.

Nilihudhuria. Waliimba nyimbo za kanisa, mchungaji akasimama pembeni kana kwamba amepita tu. Loy alitupa udongo wa kwanza. Kilichonishangaza ni kwamba wakati wote huo hakutazama kaburi. Aligeuza uso upande wa barabara, kuelekea zahanati, kama mtu anayengoja kuitwa.

Wiki ya pili baada ya mazishi hayo, saa nne asubuhi, nilikuwa nachemsha sindano verandani. Loy alikuwa mbele yangu, uani, akichota maji kwenye pipa. Ndani ya chumba cha daktari kiti kikaburuzwa. Haukuwa mlio wa panya, wala wa bati linalotanuka kwa jua. Bati lile nalijua. Ulikuwa mlio wa mtu anayejivuta karibu na meza ili akae vizuri, ingawa chumba hakikuwa na meza. Kisha kikaja kikohozi kifupi. Wagonjwa tisa waliokuwa kwenye benchi wakakaa wima wote pamoja.

Loy akaweka ndoo chini. Akajifuta mikono, akaenda mlangoni, akabisha hodi. Akangoja. Ndipo akafungua kwa ufunguo wake, akaingia, akafunga nyuma yake. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekunywa maji baada ya safari.

"Daktari iko na kazi," aliwaambia. "Mukae laini."

Nilidhani watakimbia. Hakuna aliyekimbia. Walijipanga foleni. Mama mmoja aliniambia kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mtoto, kwamba jambo lenyewe liko wazi: tulimlilia, akaja, na angekwenda wapi kama si mahali penye jina lake? Tangu siku hiyo benchi lilianza kujaa kabla sijafika. Walikaa kimya, nyuso zimeelekea ule mlango. Zamu ikifika, mtu alimweleza Loy shida yake, Loy akabisha hodi, akaingia, akatoka na jibu. Mara nyingi lilikuwa jibu la kawaida: nywa maji ya moto, lala upande wa kushoto, nenda kwa dresa akufunge. Nami nikafunga. Ningefanya nini?

Kisha akaja Edeku, fundi baiskeli, ameshika tumbo. Nilikuwa nimempa dawa ya minyoo siku mbili mfululizo. Loy aliingia, akakaa ndani kuliko kawaida, akatoka akasema si minyoo, apelekwe Tororo sasa hivi juu ya baiskeli, asinywe hata maji. Pale hospitali walimpasua jioni ile ile. Walimwambia kidole tumbo kilikuwa kinangoja kupasuka. Nilipomuuliza Loy alijuaje, mwanamke ambaye hakusoma hata darasa moja, alisema hakuwa amejua yeye. Sikulala vizuri wiki ile, na si kwa hofu tu. Niliona wivu. Kitu kisichokuwapo kilikuwa kinanishinda kazi.

Nilimfanyia mtihani, nakiri. Loy alikwenda msibani Buhehe siku nzima, akaniachia ufunguo. Asubuhi niliingia. Chumba kilikuwa kitupu, dirisha limepakwa rangi nyeupe, mwanga wake wa maziwa. Kiti kilitazama ukuta. Nilichukua ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikatia doa sakafuni kwenye kila mguu wa kiti, madoa manne. Nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni, nikakaa mbele ya mlango kutwa, sikwenda hata chooni. Sikusikia kitu. Saa kumi na moja jioni nilifungua. Kiti kilikuwa kimetoka kwenye madoa yake, kimegeuka, kinanitazama mimi. Nilitoka kinyumenyume. Yale madoa nilimwambia Loy nimemwaga dawa, na kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia, hakuuliza zaidi.

Basi tuliishi hivyo miaka mitatu. Watu huzoea. Wakati huo jicho la kulia la Loy lilikuwa limezimika, la kushoto linatofautisha tu mchana na usiku, lakini alifagia chumba kile bila kugusa ukuta.

Mwanzoni mwa mwaka huu, 1969, siku ya Jumatatu, teksi ya Tororo ilisimama barabarani. Akashuka mwanamume wa makamo, koti mkononi, begi dogo la ngozi. Alikohoa vumbi. Alisimama akatazama benchi lililojaa, akautazama mlango, akalisoma jina. Nilimtambua kwa picha iliyokuwa ukutani kwa Loy, nikahisi nywele za shingoni zinasimama, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeimba kwenye mazishi yake.

Alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini hawa watu wanamngoja nani. Badala ya kumjibu, nikamuuliza mimi kwa nini alinyamaza. Akatoa barua mfukoni mwa koti. Alipomaliza masomo mwaka 1965 aliandika ofisi ya wilaya kuomba kazi aliyoahidiwa, hapa. Akajibiwa kwa karatasi yenye nembo kwamba nafasi hiyo haiko wazi: Daktari Ogwang ameripoti zamani, yuko kazini, analipwa kila mwezi. Akaandika tena, kwamba Daktari Ogwang ni yeye. Hakujibiwa. Alikuwa akimwandikia na mama yake tangu 1964, hakujibiwa vilevile. Barua zetu wakati huo zilipitia ofisi hiyo hiyo. Akaona aibu, akaoa huko, akapata hospitali ya huko, miaka ikaenda. Kuna mtu amevaa jina lake, akala nalo, na hakumwachia hata mlango wa kurudia. Niliisoma ile karatasi mara mbili. Ofisi na mama yake, bila kuonana, walikuwa wamekubaliana: Daktari Ogwang yupo kazini.

Alimwendea mama. Alimsalimu kwa Kipadhola, akapiga goti kabisa, na koti lake likaburura vumbini. Loy alinyoosha mikono, akashika ya kwake. Aliipapasa polepole, kidole kwa kidole, kiganja, mpaka kwenye kifundo. Nilimwona Ogwang anayatazama yale macho huku machozi yakimtoka. Hata katika hali ile alikuwa anayapima, kazi haikumwacha. Kisha Loy akaiachia mikono ile na kumjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wa mpakani huwasemesha nayo wageni.

"Wewe nani? Kama iko mgonjwa, kaa laini. Daktari iko na mgonjwa."

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu nalizika. Sasa iko hapa, anafanya kazi. Mikono yako laini, wewe si wa hapa."

Ndani, kiti kikaburuzwa. Ogwang alisikia. Nilimwona akisikia. Aligeuka, akatembea hadi mlangoni, akaweka kiganja juu ya jina lake. Aliniuliza bila kunitazama nani yumo humo, nikamwambia hakuna mtu, ufunguo uko shingoni mwa mama yako. Kikohozi kikaja, kile kifupi, na mimi niliyekisikia miaka mitatu ndipo nilipogundua kwamba ni kile kile alichokohoa aliposhuka kwenye teksi. Alisimama pale muda wa mtu kusali Baba Yetu mara mbili. Kisha akautoa mkono. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuomba ufunguo. Aliniambia, "Nikifungua nikamkuta, nitamwambia nini?"

Kabla ya kuondoka alinieleza kama mganga kwa mganga. Jicho la kulia limekufa. La kushoto bado linaweza kuokolewa, lakini si baada ya miezi mingi. Katika hospitali ya Tororo kuna rafiki yake wa masomo atakayemwazima chumba siku ya Alhamisi. Ijumaa ana ndege Entebbe, kazi yake kule haingoji. Nimlete mama Alhamisi, kwa njia yoyote.

Jumanne nilimsihi, Jumatano nikapiga magoti mbele ya watu. Nilimwambia nitamkodia gari. Nilimwambia hata kama si mwanawe, ni daktari, na jicho ni jicho. Alifagia. Alhamisi alikuja kazini saa moja kama kawaida, akabisha hodi, akaingia. Rafiki yule aliniambia baadaye kwamba Ogwang alikaa katika chumba cha upasuaji tangu asubuhi mpaka jioni, amenawa, amevaa, mikono ameiinua asiguse kitu, na kila gari lilipoingia alitazama mlango.

Jumamosi, wagonjwa wameondoka, nilikuwa nafunga kabati la dawa. Loy aliniuliza, kwa sauti ya kuulizia mvua, kama ile ndege imekwenda. Nikamwambia imekwenda jana. Alimalizia kufagia ngazi.

"Mimi nalijua yeye toka alikohoa kule barabarani," akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilimuuliza kwa nini basi amemfukuza mtoto aliyemzaa, na jicho lake pamoja naye.

"Alikuja na begi moja, kidogo namna hii." Alionyesha kwa mikono. "Mtu ya kurudi haibebi begi kama ile. Mimi nikisema ni huyu, yule ya ndani anakwenda zake, maana jina ni moja. Na huyu Ijumaa anakwenda. Mimi nabaki na nani?"

Nililia, sina haja ya kuficha, nikiwa nimesimama pale na kufuli mkononi, na yeye akaningoja nimalize, kama anavyongoja mgonjwa anayeogopa sindano. Kisha akageuza uso wake mahali nilipo, yale macho meupe yote mawili.

"Na wewe, Okurut," akasema, "begi yako kubwa kiasi gani?"

Nilimwambia sina safari. Barua ya kazi ya Kisumu ilikuwa mfukoni mwangu, wiki ya tatu sasa, na nilikuwa nimekwisha kuijibu.